Mama Koni na Namba Iliyokuwa Kiganjani

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi, mwenzetu ambaye chumba kizima kinamwita Mama Koni atavua vipokea sauti vyake tarehe 30 Juni, saa nane mchana, zamu ya asubuhi itakapokabidhi kwa zamu ya jioni. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu mbili. Mimi ndiye mkuu wa chumba cha udhibiti wa barabara kuu, na nimekaa naye kiti kwa kiti miaka kumi na moja. Utawala umeomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila sijui nitafika nao wapi.

Tuanze na yanayochekesha. Mama Koni aliingia kazini akapewa meza ya simu za dharura, zile zilizosimikwa kando ya barabara kila baada ya kilomita mbili. Enzi hizo kamera hazikuwepo. Mtu anapiga, analia, hajui alipo, na Mama Koni anamuuliza taratibu anaona nini: daraja, mnara, tangi la maji, ua wa kiwanda. Baada ya mwaka mmoja alikuwa na kilomita zote tisini kichwani, na wazee wa zamani wanasema angeweza kuiendesha barabara ile akiwa amefumba macho. Ajabu ni kwamba hana leseni mpaka leo. Hajawahi kushika usukani hata siku moja, na anakuja kazini na basi la wafanyakazi, kiti cha nyuma ya dereva, akimkumbusha dereva mwendo wake.

Mabango ya umeme yalipofungwa, alifurahi kama amejengewa nyumba. Kila bango lina mistari mitatu, na kila mstari una nafasi ya herufi kumi na mbili, basi. Lugha yetu ina maneno marefu, na Mama Koni alikuwa akihesabu herufi kwa vidole huku ajali inaendelea kukua kwenye skrini. Siku lori lilipomwaga magodoro kilomita ya sitini, madereva walisimama kuokota, kila mtu na lake, foleni ikafika kilomita tisa. Mitambo haikuwa na neno godoro katika orodha yake. Aliandika MZIGO WA MTU, akashusha mstari, akaandika SI WAKO. Utawala ulimwandikia barua ya kumtaka aeleze. Barabara ilifunguka ndani ya robo saa.

Sasa nieleze jina lake, kwa ajili ya wageni wetu ambao hawajawahi kukanyaga chumba kile. Gari likikwama kwenye njia, sisi tunaliona kwenye kamera, au tunapigiwa. Kitu cha kwanza ni mabango: kilomita tatu kabla ya tukio tunashusha mwendo hadi themanini, kisha sitini, kisha arobaini, na juu ya njia iliyofungwa tunawasha alama nyekundu ya X. Ndipo tunapeleka doria, gari la kuvuta, na gari la koni, zile pembe za plastiki za kuzuia njia. Mtu wa koni anapanga koni zake barabarani kuwageuzia madereva njia. Kazi ikiisha, anaziokota akirudi kinyumenyume kuelekea magari yanakotoka, kwa hiyo koni za mwisho kuokotwa ndizo za hatari kuliko zote. Hapo hana kinga nyingine ila X yetu.

Mama Koni alikuwa na utaratibu wake ambao haukuandikwa popote. Koni zikitoka, anauliza kwenye redio ni ngapi, na namba anaiandika kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono wa kulia, kwani yeye ni wa mashoto. Koni zikirudi, anauliza tena. Namba zisipolingana, bango halizimwi, hata aje waziri. Tulimcheka sana. Mimi ndiye niliyembandika hilo jina la Mama Koni, naye alinijibu kwamba afadhali kuitwa hivyo kuliko kuitwa shahidi mahakamani. Alikuwa akiniita mdogo wangu. Aliniletea chai, alinifunza kutazama skrini nane bila kuumwa kichwa, na mke wangu alipojifungua, alishika zamu zangu tatu bila kuzidai.

Mtu wa koni wa upande wa mashariki alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sauti nzito, na kwa miaka tisa yeye na Mama Koni walijuana kwa redio tu. Yeye kwenye kamera tulimwona kama doa la rangi ya machungwa. Walitaniana kila siku. Mama Koni akimwambia anatembea kama bwana harusi, yeye akimjibu kwamba dada huyu asiyeonekana ana macho ya mama mkwe.

Hapa ndipo utawala ulipotaka niruke. Kwenye rasimu niliyoletewa kuna sentensi moja tu, kwamba utumishi wa mwenzetu ulikuwa na doa moja ambalo halikumvunja moyo. Nimeifuta sentensi hiyo. Kwanza, lilimvunja moyo, tena vipande vipande. Pili, doa si lake.

Ilikuwa Jumatano, miaka saba iliyopita, saa tatu na nusu asubuhi. Lori lilikufa injini kwenye kilomita ya arobaini na mbili, njia ya kwanza, mara tu baada ya daraja la juu. Mama Koni alikuwa kiongozi wa zamu, mimi kiti cha pili, sisi wawili tu. Tukashusha mwendo, tukawasha X, watu wakaenda. Mtu wa koni akasema kwenye redio, na spika ilikuwa wazi chumba kizima, kwamba ameweka kumi na nne. Mama Koni akaandika kiganjani.

Siku hizo tulikuwa tumeletewa saa kubwa ya ukutani inayohesabu dakika ambazo njia imefungwa. Chini ya dakika arobaini inawaka njano. Ikifika arobaini inageuka nyekundu, na makao makuu wanaiona kwenye skrini zao. Foleni ilikuwa kilomita sita. Makao makuu walikuwa wamepiga mara nne.

Kwenye dakika ya thelathini na sita, Mama Koni alipigiwa simu. Mama yake alikuwa anafanyiwa upasuaji wa macho, na hospitali ilikuwa imeahidi kumpigia akitoka. Kuongea kwa simu ya mkononi hakuruhusiwi chumbani, akainuka, akatoka nayo mlangoni. Kabla hajatoka aligeuka, akanionyesha kiganja, kama askari anayesimamisha gari, yaani subiri nirudi. Alikuwa nje dakika sita.

Lori lilishavutwa. Kwenye kamera niliona njia nyeupe, tupu. Mtu wa koni akasema kwenye redio kwamba anazo kumi na mbili garini. Koni mbili zilizobaki zilikuwa nyuma ya nguzo ya daraja, ambako kamera haifiki. Saa ya ukutani ilisoma thelathini na tisa. Nikazima X. Nikazima arobaini, sitini na themanini. Saa ikasimama ikiwa bado njano, na nakiri kwamba nilijisikia vizuri.

Gari dogo la mizigo lilifika darajani baada ya dakika mbili, kwa mwendo wa kawaida, katika njia ambayo sisi tulimwambia dereva wake kuwa ni salama. Mtu wa koni alikuwa ameinama. Mama Koni alirudi akiwa anatabasamu, kwa sababu mama yake alikuwa amefunguliwa bandeji na ameona. Akakaa, akabonyeza redio, akauliza, "Ngapi ndani, kaka?" Aliuliza mara tatu.

Tume ya uchunguzi ilikuwa na swali moja la maana: msaidizi aliyebaki chumbani alikuwa na idadi ya koni, au kiongozi wa zamu aliondoka nayo? Rekodi ya redio siku ile haikuhifadhiwa vizuri. Waliniuliza mimi kwanza. Nikasema sikuwa na namba. Nikasema namba ilikuwa kwenye kiganja chake, na kwamba ndivyo alivyozoea, kuandika mwilini badala ya daftarini. Wakamwita yeye, wakamwonyesha maelezo yangu, naye hakubisha hata kidogo. Alisema kama mdogo wake anasema hakuwa na namba, basi hakuwa nayo, na mtu anayetoka chumbani na namba ndiye mwenye mzigo.

Jamani, alinisadiki. Sikumlipa chochote, hatukupanga chochote. Aliamini neno langu kuliko kumbukumbu yake mwenyewe.

Akapewa onyo kali la maandishi na akaondolewa kabisa kwenye uongozi wa zamu. Mwaka uliofuata kiti hicho nikapewa mimi, na baadaye ukuu wa chumba, kwa sababu dakika zangu zilikuwa nzuri. Kwa miaka saba amekaa kiti cha pili, chini yangu, akihesabu koni. Hajaandika tena kiganjani. Anaandika kwenye karatasi iliyofungwa kwa uzi kwenye kipaza sauti, na akiinuka hata kwenda msalani anaisoma namba kwa sauti, mara mbili, na hakai mpaka mtu aitikie. Wafanyakazi wapya hucheka. Mimi huitikia.

Alikwenda mazikoni. Alitaka kuuona uso wa mtu aliyetaniana naye miaka tisa, na hakuonyeshwa. Kila mwaka siku ileile amekwenda nyumbani kwa mjane, na kila mwaka mlango umefungwa usoni pake. Nilijua tarehe hizo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsainia ruhusa.

Alhamisi iliyopita nilimkuta kwenye chumba cha chai akitoa vitu kwenye droo yake: kikombe, kandambili, dawa ya macho, picha ya mama yake akiwa amevaa miwani. Nikaona kwamba mama huyu anaondoka, anakwenda kuzeeka na maiti isiyo yake. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama. Hakulia. Alifungua kiganja cha kulia akakitazama muda.

"Ulikuwa na namba," alisema.

Nikasema ndiyo. Akauliza kama mjane anajua. Nikasema hapana. Akatazama saa, zilikuwa zimebaki dakika mbili za mapumziko, na kulikuwa na koni tisa nje kilomita ya kumi na nane. Akarudi kitini, akazihesabu zote mpaka zikaingia.

Jumapili nilikwenda kwa mjane. Alinisikiliza akiwa ameshika kitasa, hakunikaribisha ndani, na sikustahili. Nilipomaliza alisema, "Mara saba nimemfungia yule mama." Kisha akanifungia na mimi. Niliwaandikia pia wajumbe wa tume. Wamejibu kwa haraka isiyo ya kawaida kwao, kwamba majalada yaliyopita miaka mitano hayafunguliwi na kwamba wanashukuru kwa uwazi wangu. Onyo linabaki kwenye faili lake. Kwa sababu hiyo, siku ya kumuaga, jukwaani, hatapewa cheti cha utumishi usio na doa. Atapewa saa ya ukutani, kama wastaafu wengine. Niliomba wabadilishe zawadi, nikaambiwa zimeshanunuliwa.

Barua yangu ya kuachia ukuu wa chumba iko kwa meneja, na maelezo yangu mapya yako polisi. Sisemi haya nionekane mtu mwema. Ningekuwa mwema, ningesema Jumatano ile, saa nne na dakika kumi na tano. Nilimpelekea karatasi hizi Mama Koni kabla ya kuzipeleka kwa mpiga chapa, nikamwambia akitaka nizichane. Alizisoma zote akiwa amesimama. Alisahihisha mahali pamoja tu: nilikuwa nimeandika kwamba foleni ilikuwa kilomita saba, akaandika sita.

Akanirudishia na kusema, "Zipeleke, mkuu."

Miaka kumi na moja nilikuwa mdogo wake. Tangu Alhamisi mimi ni mkuu.

Sasa shukrani, Mama Koni. Hakuna dereva aliyewahi kutupigia simu kushukuru kwa ajali ambayo haikumpata, kwa hiyo wacha niseme kwa niaba yao, wale maelfu waliopita chini ya herufi zako kumi na mbili wakafika nyumbani, wakala, wakalala, bila kujua kuna mtu asiye na leseni aliyewalinda. Asante kwa magodoro. Asante kwa chai, na kwa zile zamu tatu. Uende ukapumzike na mama yako anayeona vizuri, na mikono yako iwe ya kulimia bustani na kumenyea machungwa, isibebe kitu kingine.

Yule mjane alituma ujumbe jana jioni kwenye simu ya ofisi. Anauliza Mama Koni anapenda kuja siku gani. Nimeuandika kwenye karatasi iliyofungwa kwenye kipaza sauti chako.

Na hili ndilo lililopaswa kuwa kwenye daftari la matukio. Koni kumi na nne zilitoka, kumi na mbili zilirudi. Kiganja ulichoninyooshea mlangoni kilikuwa cha kulia, na kilikuwa wazi. Niliisoma namba.