Pak Warsono na Hesabu ya Silinda Nne

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Pak Warsono Adiputro anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika kiwanda chetu cha pikipiki cha Lintang Jaya, hapa mjini Solo, kisiwani Java. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Lukmanto, mkuu wa Idara ya Utafiti wa Soko, kazi ya kuandika wasifu wake. Imeniagiza nitaje mema yote na niruke doa moja lililo kwenye faili lake, lile la hesabu ya silinda nne. Kamati inisamehe. Doa hilo ndilo nitakaloandika zaidi.

Alianza kazi akizunguka vijiji vya Klaten na picha za pikipiki mkobani, akiuza kwa mdomo. Alijua bei ya mpunga na binti wa nani anaolewa mwezi ujao, kwa maana kwetu harusi huuza pikipiki kuliko matangazo. Kofia yake ya pikipiki hakuiacha popote, hata kantini kofia hiyo ilikuwa na kiti chake. Kompyuta aliikataa kwa miaka kumi, na siku alipoikubali aliifunika kitambaa ili isipate baridi.

Mimi nilifika miaka minane iliyopita, nina shahada, viatu vinavyong'aa na dharau ya kutosha idara nzima. Wakati huo wakurugenzi walikuwa na swali moja: je, pikipiki ndogo ya cc 250 yenye silinda nne itapata soko Asia? Ndogo zetu nyingi zina silinda moja, zinanguruma na kufika sokoni bila makuu. Ya silinda nne huimba kwa sauti nyembamba, lakini bei yake ni karibu mara mbili. Nikapewa nyumba mia nne na hamsini za kuhoji, tuanze na watu wetu wenyewe.

Niliwahoji kwa heshima zote. Niliwapelekea chai na tempe ya soya ya kukaanga, nikawauliza kama watainunua. Mia nne na kumi na wawili walisema ndiyo. Muuza tambi mmoja, asiye hata na leseni, alinishika mkono, akaniita Mas kama kaka yake: "Wah, Mas, nzuri kupita kiasi! Hata kesho naichukua, Mungu akipenda!" Nikaandika ripoti ya kurasa tisini. Wakurugenzi wakapanga kuunda elfu kumi na mbili kwa mwaka, na wafanyakazi mia mbili wakaanza kufundishwa kazi hiyo mpya.

Jamani, mimi ni mtoto wa Solo! Mama yangu alinifundisha kutembea na kutomkatalia mgeni usoni katika wiki moja. Nimewahi kukubali mialiko ya harusi tatu za siku moja na nisiende hata moja. Hata hivyo nilikaa kwenye mikeka ya Wajava wenzangu, nikawalisha, kisha nikaamini ndiyo yao.

Pak Warsono aliisoma ripoti, akavaa kofia, akaniambia, "Mas, twende tena." Tulirudi nyumba zilezile na pikipiki ya majaribio. Hakuuliza chochote. Aliiegesha mbele ya mlango, akaomba kuelekezwa njia, akasubiri. Waliosifu aliwaaga kwa upole. Waliolalamika aliwaandika. "Kelele gani hizi? Inakunywa mafuta kama ina kiu ya Ramadhani! Na mama atapandaje, kwa ngazi?" Anayelalamika, alinieleza, tayari ameshaiweka uani kwake na anagombana nayo. Walalamikaji walikuwa thelathini na mmoja.

Kwa hesabu hiyo aliandika ukurasa mmoja tu. Tuunde mia tisa kwa mwaka, tushushe kiti, tuwauzie vijana wa vilabu vya mijini. India tusiende, huko swali la kwanza ni lita moja inafika wapi. Japani tujaribu, kwa sababu ya cc 250 haidaiwi ukaguzi wa lazima, na wazee wa huko wanaikumbuka sauti ile tangu ujana wao. Yote yametimia, na wale mia mbili bado wana kazi.

Sasa doa lenyewe. Kwenye kikao, mkurugenzi aliuliza kwa hasira nani alifanya hesabu ya kwanza. Pak Warsono aliinua mkono kabla sijameza mate. "Mimi, Pak. Uzee huu." Akaulizwa ya pili ni ya nani, akaninyooshea kidole. Mkurugenzi akanigeukia: ni kweli? Nikainamisha kichwa nikasema, "Inggih," ile ndiyo yetu ya heshima. Nilijiambia kwamba kumpinga mzee mbele za watu ni utovu wa adabu. Ulikuwa woga mtupu.

Mwaka uliofuata alikuwa awe mkuu wa idara. Nilipewa mimi, kwa ile hesabu ya pili. Nilipomfuata kumwomba radhi alicheka: "Wewe una watoto wachanga, Mas. Mimi nina kofia." Kwa miaka saba amekuwa akibisha hodi kwenye ofisi ambayo ni yake.

Basi naandika hapa, na mhariri asiguse neno: hesabu ya kwanza ilikuwa yangu, ya pili ilikuwa yake. Nakala ya ukurasa huu nimeipeleka kwa mkurugenzi na Idara ya Utumishi leo asubuhi, pamoja na funguo za ofisi. Wakiamua kunirudishia au kutonirudishia, ni haki yao.

Pak Warsono, asante kwa kila kitu, na unisamehe kwa kuchelewa miaka minane. Uende nyumbani na afya njema, amani, na jina lako likiwa safi.