Ini la Upande wa Kushoto

Mwamvita alikuwa amefumba macho tangu basi lilipotoka stendi ya Bukoba, lakini masikio hakuyafumba. Kwenye kiti cha mbele yake, mzee Byarugaba, mkulima wa kahawa, alikuwa akimweleza binti aliyeketi naye kwamba madaktari waliosoma kwa simu mwaka wa korona asingewapa hata ng'ombe wake wampime.

“Mimi ni mmoja wao, taata,” binti akasema. “Naitwa Joanitha. Nimepangiwa hospitali huko Muleba.”

Mzee akakohoa, ila hakuwa mtu wa kurudi nyuma. “Na mtihani ulifaulu?”

“Wa kuandika nilifaulu vizuri. Wa kupima mgonjwa nilianguka. Mwalimu alituonyesha ini kwenye simu, kwa tumbo lake mwenyewe. Kulia kwake kukawa kushoto kwangu. Siku ya mtihani, kwa woga, nikalitafuta kushoto kwa mgonjwa, na ini liko kulia.”

Mwamvita aliuma mtandio asicheke.

“Si nilisema,” mzee akajibu.

“Nikarudi kwetu Izimbya, nikawalaza bibi, shangazi na majirani, nikawapapasa matumbo mwezi mzima. Niliporudia, msimamizi aliniuliza mikono hiyo nimeifundishia wapi.”

“Ng'ombe bado sikupi.” Mzee akamgeukia. “Zamu yako ni lini? Nijue siku ya kukwepa.”

“Jumatatu.”

Basi liliposimama Muleba, mzee alishuka wa kwanza, akamsubiri Joanitha mlangoni. Kiganja chake kilikuwa kimeshika tumbo, upande wa kulia.

“Jumatatu saa ngapi?”