Mama Rudia Aikabidhi Meza ya Sahani

Naombeni radhi, kwanza mhariri wa jarida letu, halafu Mama Rudia mwenyewe. Maneno haya yalitakiwa yasomwe siku ya sherehe. Mwanangu anaota meno, na kila nilipokaa kuandika alitaka kalamu. Sasa kalala, ngoja niwahi.

Mama Rudia amestaafu tarehe thelathini mwezi uliopita, baada ya miaka thelathini na moja katika maabara yetu, karibu yote kwenye meza moja: ya kuhesabu bakteria. Alianza kwa kupika lishe ya kuoteshea bakteria, akafundishwa kuzimua sampuli, mwisho akawa msimamizi wa meza.

Kwa wenzetu wa uhasibu wanaodhani tunahesabu kwa darubini: hapana. Maziwa au maji huzimuliwa mara kadhaa, tone likapakwa kwenye sahani ndogo yenye lishe, sahani ikalazwa kwenye kabati la joto. Bakteria mmoja aliye hai huzaana mpaka akawa kidoa cha kuonekana kwa macho. Tunahesabu vidoa. Vikirundikana, sahani haisomeki. Vikiwa vichache mno, hesabu haiaminiki. Hapo ndipo alipopatia jina, kwa kutuambia turudie. "Rudia" yake haikuwa na hasira. Ungedhani anakukaribisha chai.

Kila kidoa alichohesabu alikitia nukta ya kalamu nyuma ya sahani, kisije kikahesabiwa mara mbili, kisha akazifuta nukta kabla ya kumpitishia mwenzake. Mjukuu wake alipougua tetekuwanga, mkwewe alirudi kutoka kazini akamkuta mtoto ana nukta za buluu mgongo mzima. Bibi alitaka kujua kama vipele vinaongezeka.

Sheria yake kubwa ilikuwa sahani moja, watu wawili, na hakuna kumtajia mwenzako namba kabla hajaandika yake. Alizijua adabu zetu. Mkubwa akisema mia, mdogo naye ataona mia. Siku moja alitutajia namba ya uongo makusudi, na meza nzima ikaafiki kwa heshima. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akatuambia lile neno lake.

Mwezi wake wa mwisho ilikuja sampuli ya maziwa yanayopelekwa wodi ya watoto. Wakati huo wakubwa walikuwa wamemwomba abaki mwaka mmoja zaidi kwa mkataba, naye alishakubali nusu nusu. Tulihesabu mimi na yeye kwa zamu, kila mtu upande wake wa meza. Yake ilikuwa chini ya kikomo, maziwa yapite. Yangu ilikuwa juu, maziwa yazuiwe. Haikuwa rahisi, maana huyu ndiye aliyenifundisha kushika pipeti, kile kibomba cha kunyonyea sampuli, na ndiye aliyenitafutia chumba cha kukamulia maziwa ya mwanangu nilipotoka likizo ya uzazi. Lakini namba sikuibadilisha. Na mimi nina mtoto.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwita mkuu wa maabara aje kuhesabu, bila kumwambia yupi kapata nini. Namba ya mkuu ikaangukia pale pale penye yangu. Pembeni mwa sahani kulikuwa na vidoa vidogo kama ncha ya sindano ambavyo macho ya Mama Rudia hayakuviona. Aliigeuzageuza ile sahani kwenye mwanga, akakata namba yake kwa mstari mmoja ulionyooka. Maziwa yakazuiwa siku ile ile.

Halafu akamwambia mkuu, "Ule mkataba mpe mwingine. Meza hii imeshapata macho."

Aliniangalia kama mama anavyomwangalia mwanawe akipiga hatua ya kwanza. Tuna mashine mpya na vyeti vingi ukutani, lakini anachotuachia Mama Rudia ni meza ambayo mdogo anaweza kutofautiana na mkubwa, wakaendelea kunywa chai pamoja.

Ahsante, mama yetu. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele ya kabati la joto, na wajukuu wasio na vipele.

Bado nahitaji unitumie ufunguo wa droo ya kushoto, uliondoka nao kwenye koti. Na picha yako moja bila barakoa, mhariri ananisumbua. Na namba yako ya ile sahani niliyokutumia picha yake jana, kwa kuwa uliiomba mwenyewe. Ikuze kwenye simu uone pembeni. Ila namba hiyo usiitume kwanza. Subiri niandike yangu.