Dada Candelaria na Vikombe vya Mialoni

Ndugu waombolezaji, habari ya vikombe vya mialoni alinisimulia kwanza marehemu mwenyewe, tarehe 3 Mei 1998, tukichambua iliki, nami mdogo wake, Fidencio, naisoma kama alivyoisema.

Marehemu Candelaria Tiul Xol alizaliwa tarehe 2 Februari 1951 hapa kijijini Chirraxche', akasoma hadi darasa la tatu, kisha akavuna iliki na kufuma nguo hadi macho yalipochoka. Tarehe 9 Agosti 1970 alifunga ndoa na Crisanto Ical, wakajaliwa watoto wawili, Rosenda na Eliseo.

Desemba 1972, Rosenda akiwa mgongoni, alishusha kutoka mialoni ile mimea ya vikombe inayoota juu ya matawi na kukinga maji ya ukungu, ili apambe hori la Mtoto Yesu, na kwa kuwa sote tulilelewa kuamini kwamba salamanda, yule mnyama kama mjusi mwenye ngozi ya utelezi, alalaye humo humvimbisha mkono amgusaye, alimimina majivu ya moto katika kila kikombe, akahesabu waliokufa, arobaini na mmoja, wala hakuwa amemchomea ubani Tzuultaq'a, mwenye mlima, kumwomba ruhusa. Mama yetu, Petrona, alimwambia, "We mtoto, umewaua walinzi wa maji," naye akacheka, "Mama nawe! Vidudu vya kamasi hivi vilinde nini?"

Tuliendelea hivyo kila Krismasi, mialoni nayo tukaikata tupande iliki, hata tarehe 22 Septemba 2008, siku ya nne ya mvua, upande wa mlima usio na miti ukaporomoka, ukawafukia Crisanto na Eliseo shambani. Tangu hapo marehemu aliuzungushia ua wa fito msitu uliobaki juu ya nyumba zetu, na kila Ijumaa alfajiri alipanda mlimani, akachoma ubani, akachungulia vikombe bila kuvigusa, na akirudi hakutamka ila idadi ya salamanda waliobaki, kumi na wawili, saba, wanne, nasi tukajifunza kuuogopa uso wake mlangoni.

Alianza kuugua kifua Machi 2019, akalazwa hospitali ya Cobán, akafariki jana, tarehe 6 Juni, saa kumi na moja alfajiri, akiwa ameniusia, "Fidencio, jeneza langu lisiwe la mwaloni, na atakayeingia mle msituni na panga akumbuke nyumba yake iko chini." Nalisema hili kwa hofu, kwa sababu jana hapa hapa matangani nilimsikia mtu akinong'ona, "Kikongwe kaenda, tunoe mapanga sasa."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliosaga kakao ya msiba, na wavunaji wenzake wa iliki waliombeba.

Kati ya waliokuwepo siku ya majivu, aliye hai ni Rosenda peke yake. Ijumaa iliyopita, nilipochungulia kwa niaba ya dada, salamanda alikuwa mmoja. Leo ni Ijumaa, na bado sijathubutu kupanda.

Lala, dada, na mlima ulale nawe.