Milimita Kumi na Mbili Juu, Kumi na Mbili Chini

Ndugu waombolezaji, usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 2 Machi 2022, mlio mmoja ulisikika kutoka chumba cha nyuma cha nyumba yetu, mwembamba, wa kukera, kama wa mbu aliyenaswa ndani ya chupa, na kwa kuwa historia ya baba inarudi kwenye mlio huo, mtaniwia radhi nikianza nao, kisha nifuate mpangilio unaostahili.

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, chumba namba kumi na saba, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, na bibi alikuwa akisema kwamba alichelewa kutembea kwa sababu alikuwa bado anaikagua sakafu. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, akaingia chuo cha ufundi, akahitimu umeme wa mitambo tarehe 30 Novemba 1970, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika kiwanda kilekile alichozaliwa ubavuni pake, akahudumu hadi alipostaafu Juni 2006. Muda wote huo alibeba rula fupi ya chuma kwenye mfuko wa shati, wenzake wakamwita Bwana Milimita, na rula hiyo inachungulia hata kwenye picha ya ndoa yake na mama yetu, mshonaji, waliyoifunga Jumamosi tarehe 2 Desemba 1978, mama akidhani ni kalamu, na alipogundua, anasema, maji yalikuwa yameshamwagika. Walijaliwa watoto wawili, dada yangu, aliyezaliwa tarehe 21 Mei 1983, na mimi kitindamimba, niliyezaliwa mwaka 1992.

Wengi wenu mlimfahamu kwa ndege zake za mfano, zile alizozichonga kwa mbao nyepesi na kuzirusha kwa rimoti kila Jumapili. Ndani ya ndege hizo mna vimota viitwavyo savo, kila kimoja kina mkono wenye matundu, na kwenye tundu moja huunganishwa waya unaosukuma kibao cha bawa au cha mkia, tundu la nje likikisukuma mbali kuliko la ndani, na kazi kubwa ni kupima kibao kitembee umbali gani, kwani kikitembea kidogo ndege haisikii, kikipitiliza ndege inainua pua kupita kiasi, inaishiwa nguvu, inaanguka. Baba alikuwa na amri moja, ukihamisha tundu pima upya, na dada yangu aliijua amri hiyo kabla ya kujua jedwali la kuzidisha, kwa sababu tangu akiwa na miaka tisa yeye ndiye aliyeshika rula. Aliweza kila kitu kwenye meza ile, ila jina moja hakupewa, baba alisema nyumba hii ina fundi mmoja, wengine ni wasaidizi.

Jumapili tarehe 9 Agosti 2009, ndege kubwa kuliko zote, iliyojengwa kwa miezi kumi na minne, ilipelekwa uwanjani, na dada ndiye aliyepima mkia usiku uliotangulia, milimita kumi na mbili juu, kumi na mbili chini, akaandika kwenye utepe na kuubandika chini ya bawa. Baba akairusha, ikapanda, akavuta kidogo kijiti cha rimoti, ikasimama wima kama inayoshangaa jambo, kisha ikachimba ardhi. Wenzake waliuliza nani alipima mkia, baba akajibu ni binti yangu, na hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote. Seremala wa pale uwanjani akambatiza dada jina la Jembe, watu wakacheka, jina likaganda, na baba hakulikanusha. Mwezi uliofuata dada alihamia mji mwingine, akawa karani wa ghala, na kwa miaka kumi na miwili hakuigusa meza ile.

Mikono ya baba ilianza kutetemeka mwaka 2020, moyo ukafuata, alilazwa tarehe 6 Februari mwaka huu, akaruhusiwa tarehe 20, na dada akaomba likizo akaja kumuuguza. Usiku ule baba alisinzia kitini akiijenga upya ndege ileile, rimoti imewaka mapajani, kidole kimelala juu ya kijiti, na savo ya mkia ikawa inalia, kwa sababu iliamriwa kwenda mbali kuliko kibao kinavyoweza kufika. Dada aliingia, akaitoa rimoti mikononi mwake taratibu, akarudisha savo katikati, akahamishia waya tundu la ndani, akapunguza mwendo kidogo kidogo hadi mlio ukakatika, akapima juu, akapima chini, akaenda kulala, akiamini mzee hajaamka.

Mzee alikuwa macho. Jumamosi tarehe 5 Machi aliniita, akanionyesha kopo lenye mkono wa savo wa mwaka 2009, akaniagiza nisome maneno haya mbele ya watu wa uwanjani, kwa kuwa yeye kila akimtazama mwanawe anaishia kuomba maji ya kunywa: "Asubuhi ile nilihamishia waya tundu la nje, nilitaka mkia uwe mkali, sikupima upya. Yeye alipima sawasawa."

Baba alifariki dunia Ijumaa tarehe 11 Machi 2022, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani, akiwa na miaka sabini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliotuletea viti kabla hatujaviomba, wastaafu wenzake wa kiwandani, na seremala, aliyetengeneza jeneza hili kwa mikono yake, na ambaye lile jina jingine alilolitengeneza tunamrudishia leo kwa heshima zote.

Pumzika kwa amani, baba, rula iko mfukoni mwako. Ndege yako ipo hapa pembeni, mkia unatembea milimita kumi na mbili juu, kumi na mbili chini, umeagiza apewe aliyeipima, nami namwomba asimame aje aichukue, dada yangu, karibu mbele, Fundi.