Eufrasia Magesa na Njuga za Baba

Zamani mtu akichechemea njiani Butiama alisimamishwa na kuulizwa kimempata nini. Siku hizi anapigiwa honi akae pembeni.

Eufrasia Magesa alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika kitongoji cha Mwitongo, Butiama, mtoto wa tatu wa Mzee Magesa na Mama Boke. Baba yetu alikuwa mcheza ngoma, na njuga zake za miguuni zilitundikwa juu ya mlango. Siku moja Eufrasia, akiwa amelala kwenye ngozi macho yamefumbwa, alizisikia zikija akasema, "Leo goti linamuuma Baba." Baba alikasirika, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Alisoma Butiama, kisha Bunda hadi mwaka 1962. Mimi Bernado, kaka yake, niliachishwa darasa la nne nikachunge. Nilijisomea kwa vitabu alivyoniletea kila likizo. Alihitimu uuguzi mwaka 1969, na mwaka 1973 akamaliza mafunzo ya kutibu kwa mazoezi ya viungo.

Alifanya kazi hospitalini mjini Musoma. Mgonjwa alitembea akimpa mgongo, naye akatazama kiuno kinaangukia upande gani, goti linageukia wapi, kisigino kinakanyaga vipi. "Mtu akikujia anajitengeneza," alikuwa akisema. "Akikupa mgongo ndiyo unamwona." Kisha alimfundisha upya kuinuka kwenye kigoda, kuhamisha uzito, kupiga hatua. Miaka ile ya shida, hata bandeji zilipokosekana, alijaza mchanga kwenye mifuko akaifanya mizigo ya mazoezi. Ndipo alipoziomba njuga za Baba, akawafunga wagonjwa wa kiharusi miguuni, wausikie wenyewe mguu unaochelewa.

Mzee Shomari, fundi cherehani wa Bunda, alizikataa. "Mimi mtu wa msikitini. Ngoma nilikuwaga naziona kwa mbali."

"Basi mzee wangu, wewe tulia," Eufrasia akamjibu. "Acha mguu wa kulia ucheze, wa kushoto utaona wivu."

Mzee alicheka hadi fimbo ikamponyoka, akajikuta amefika dirishani. Yupo nasi hapa leo, na amekuja kwa miguu yake.

Mwaka 1974 Eufrasia alifunga ndoa na Danford Mihayo, dereva wa ushirika wa pamba, wakajenga Kitaji, palepale Musoma. Danford alitangulia mwaka 1991. Mwaka 1994 chumba cha mazoezi cha hospitali kilikodishwa kwa muuza soda, na Eufrasia akapunguzwa kazini. Tuliambiwa hayo ndiyo mageuzi. Alirudi nyumbani na njuga zake, akaendelea kupokea wagonjwa uani. Vijana wetu wanacheza kwa kaseti. Ukiwapa njuga watauliza zinafungwa wapi.

Novemba 1997 kiharusi kilimpiga yeye mwenyewe, upande wa kushoto. Hakuomba mengi. Alitaka kuingia tena katika ua wa Baba, hapa Mwitongo, akitembea, asibebwe. Kila asubuhi mwanawe Dorkas alimfunga njuga, naye akajifundisha aliyofundisha wengine. Kiharusi cha pili kilimchukua alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Julai 1998. Leo tumemwingiza katika ua huu mabegani mwetu.

Ameacha watoto watatu, Boniphace, Dorkas na Gati, wajukuu, pamoja nami.

Mara ya mwisho nilimwona Jumapili, tarehe 5 Julai, Kitaji. Aliniambia nimfunge njuga mimi, kwa kuwa Dorkas, alisema, anazilegeza kwa huruma. Akanipa mgongo, akaelekea mlangoni. Mguu wa kulia ulilia. Wa kushoto ukafuata kwa shida.

"Kaka, umesikia?"

"Nimesikia. Unachelewa."

"Afadhali wewe. Hawa watoto wananiambia uko sawa." Akashika mwimo wa mlango, akapumua. "Njoo Jumapili ijayo. Ukifika, twende Mwitongo."

Akatoka kwenda uani bila kugeuka. Nilimtazama kama alivyotufundisha kutazama: kiuno kilikuwa kimenyooka.

Apumzike sasa, miguu yote miwili pamoja.