Mbegu Niliyokula kwa Kijiko

Sikilizeni wanangu, na wewe Fundi mwanangu kaa chini uache kusimama mlangoni kama askari wa zamu, maana niliyowaitia asubuhi siyo nitakayoyasema sasa. Wosia wangu nilikuwa nimeupanga tangu wiki iliyopita, kwamba nitawagawia mbegu kwanza, kisha ardhi, kisha radhi, halafu nijifie zangu kwa utaratibu. Sasa mbegu hakuna. Bado siamini. Nimeshtuka, mimi mzee ambaye nilidhani dunia imeshamaliza kunionyesha.

Haya, niyaseme wote mkiwapo, asije mtu kesho akayasimulia kwa namna yake. Miaka hamsini na kitu dari ya jikoni imebeba yale mahindi mekundu niliyoyapokea kwa baba yangu. Kila mavuno nimechagua hindi moja moja, nikayafunga kwa maganda yake, fungu kwa fungu, nikayaning'iniza juu ya moto yapate moshi, wala sikuyatia dawa ya dukani hata siku moja. Na sheria mnaijua: ngazi inakaa uvunguni mwa kitanda changu, na hapandi mtu ila mimi. Leo kwa kuwa miguu imenikataa nikamwambia Fundi apande, mvua ziko karibu, ashushe mafungu niyagawe kwa mkono wangu. Akakata fungu la kwanza, likaanguka chini jepesi kama fagio. Hindi lililokaa nje lina mistari mitatu ya punje upande unaoonekana, nyuma limepukuchuliwa. Yaliyokaa ndani ni magunzi matupu. La pili vilevile. La tatu. Mafungu yote kumi na mawili, na punje zilizobaki hazijazi kofia yangu! Wiki tano nimelala hapa nikiyatazama kupitia mlango huo, nikijisifu moyoni kwamba akiba haiozi, kumbe natazama maganda.

Na aliyekula ni nani? Ni mimi. Mkamwana huyu, mkeo Fundi, hakukana, hakulia, alisema tu, "Baba, ulikuwa uji wako. Wako na wa mtoto." Maneno hayo yalinipiga kuliko magunzi. Nimekula mbegu ya baba yangu kwa kijiko, asubuhi na jioni, nikalamba na bakuli, na bado nikapata mdomo wa kumgombeza mwenye kupika kwamba uji unanuka moshi, kwamba siku hizi wanawake hawajui kuchagua kuni kavu. Cheka, Dereva mwanangu, cheka tu, ningekuwa na nguvu ningecheka na mimi. Ngazi nimeilalia, yeye akapindua kinu akasimama juu yake, mtoto mgongoni, akapukuchua gizani kwa vidole, kisha akasaga kwa jiwe nyuma ya zizi, kwa sababu angepeleka mahindi mekundu mashineni kila mtu angejua.

Fundi, nimekusikia ulichomwambia mbele yangu. Umesema afunge virago arudi kwao, mla mbegu hakai kwenye nyumba ya wakulima. Maneno hayo ni yangu, nimekulea nayo, ndiyo maana sikulaumu, lakini usimguse mkeo mpaka nimalize. Hebu tujiulize kwanza sisi wenye ndevu. Kiwanda kilipofungwa ulirudi hapa na godoro na redio. Dereva, tajiri wako aliuza lori ukarudi na funguo za lori ambalo si lako. Mbolea ikawa haishikiki, mbegu za dukani ndiyo usiseme, tukauza mbuzi, tukauza baiskeli, tukabandua mpaka mabati ya zizi, unga tukawa tunanunua kwa kikombe na baadaye hata kikombe hatukioni. Nyinyi na watoto wakubwa mmekuwa mkila maboga na majani, mnalala. Na katika njaa hiyo mimi kila siku naletewa uji mzito. Wanaume watatu ndani ya nyumba moja, wala hakuna aliyeuliza uji unatoka wapi!

Nipeni maji kidogo. Inatosha.

Sasa nitawaambia jambo ambalo mama yenu alilifukia na mimi nikakalia juu yake. Kati ya Fundi na Dereva palikuwa na msichana. Mnajua alikufa, mnajua tulisema ni homa. Hakuwa na homa. Mwaka ule mvua zilikawia kama hazitakuja tena, watu wakala mpaka ngozi za viti, na mtoto akawa hawezi kubeba kichwa chake. Mama yenu alinipigia magoti akaomba konzi mbili, konzi mbili tu, za mahindi yale yale. Nilikataa. Niliichukua ngazi nikailalia, nikamwambia ukila mbegu utapanda nini. Aliomba siku tatu, siku ya nne hakuomba, na siku hiyo ndipo tulipomzika mtoto.

Tazameni huku.

Mvua ilinyesha siku ya tisa tangu aanze kuomba. Tukapanda, tukavuna mpaka tukakosa pa kuweka, na watu wakaja hapa uani kunisifu, mwenye akili, mwenye kuona mbali, na mimi nikapokea sifa zile nikazivaa kama kanzu mpya. Kumbe Mwenyezi Mungu ananitazama tu. Mnakumbuka mama yenu hakula mahindi? Mlikuwa mkimtania, mkulima gani hali anacholima, naye anasema tumbo lake haliyataki. Alipanda, alipalilia, alivuna, akawapikia nyinyi, akawapikia wageni, na yeye mpaka anaingia kaburini hakutia punje ya shamba hili mdomoni. Hakunitukana hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Na yupo baba yenu mdogo, yule ng'ambo ya mto niliyewakataza kumwamkia. Mmekua mkimwita Mwizi wa Mafungu kwa sababu mlinisikia mimi. Ni kweli alichukua. Siku ile ya tatu ya kuomba kwa mama yenu nilimkamata akitoka jikoni na mafungu mawili ndani ya shati, nikampiga kwa mpini wa jembe hapa begani, bega ambalo halijanyooka mpaka leo, nikamfukuza usiku uleule, akakimbia nayo. Ila sikuwaambia alikuwa anayapeleka wapi. Alikuwa hatoki nje, wanangu. Alikuwa anaelekea chumbani kwa mama yenu, kwenye jiwe la kusagia. Mtu aliyetaka kumwokoa mwanangu nimemwita mwizi miaka arobaini, na sehemu yake ya shamba kule bondeni nikailima mimi. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini wangu huyu amezeeka nami.

Leo magunzi yalipoanguka, kitu kilichonitoa pumzi si kwamba mbegu imekwisha. Ni kwamba nilimwona mkamwana huyu amesimama pale na mtoto wake kifuani, mtoto ana mashavu, mtoto anacheka, nikaona kwamba amefanya kwa siri kile ambacho mama yenu aliniomba kwa magoti. Mke wa mwanangu, umelisha mzee anayekufa na mtoto anayeanza, na wewe mwenyewe mikono yako imekuwa vijiti. Unisamehe moshi. Unisamehe na kelele nilizopiga asubuhi kabla sijafikiri.

Basi sikilizeni, pumzi inaniishia. Fundi, huyu haondoki. Ukimfukuza, radhi yangu itamfuata yeye huko aendako na wewe utabaki na ngazi. Tena ngazi ni yake kuanzia leo. Dari ni yake. Atakayetaka kupanda atamwomba yeye. Shamba la juu ni lako, la kati ni la Dereva, na lile la bondeni mnalirudisha kwa mwenyewe, mpaka ni ile mitaro ya zamani, msihamishe hata hatua. Yule mwenye maduka akija tena na maneno yake matamu ya kununua kipande cha barabarani, mpeni kiti, mpeni maji, mwambieni kwaheri.

Kisha Fundi, leo hii, jua halijatua, vuka mto uende kwa baba yenu mdogo. Usipeleke kitu, hatuna kitu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mafungu yale mawili alikwenda nayo, akayapanda, na mpaka msimu uliopita nimeona kwa macho yangu ng'ambo kule mahindi mekundu yamesimama. Nilikuwa naona nakasirika. Mwambie hivi, kaka anasema hukuiba. Mwambie kaka anasema ulikuwa na haki kuliko yeye. Hayo kwanza, usianze na kuomba. Halafu ndiyo umwombe mbegu. Akikupa, pokea kwa mikono miwili. Akikunyima, mshukuru urudi, anayo sababu. Na nikifa yeye ndiye atakayetia udongo wa kwanza, kama atapenda kuja. Mnizike mbali na mama yenu kidogo. Msichana awe katikati.

Sogeeni. Dereva, nishike mgongo... hapo. Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape watoto wenye mashavu. Ndugu wasipigane kwa sababu ya chakula, mkono wa mmoja usiinuke kwa mwingine, na kila mtakapogusa udongo pawe na kheri. Mkamwana, wewe nakubariki peke yako, kama binti niliyemzaa... kama yule niliyemzaa.

Bado neno moja. Sheria ile ya zamani... nimeitunga mimi, naivunja mimi. Mbegu ihifadhiwe. Ikauke vizuri, ipate moshi, mchague hindi moja moja kama nilivyo... kama nilivyowaonyesha. Njaa ikija mfunge mikanda, nyinyi wakubwa. Lakini mtoto akilia... mmenisikia? Mtoto akilia, msingoje kuombwa mara ya pili. Teremsheni. Sageni, wanangu. Sageni zote...